Shimo Langu la Matofali

Jumatatu, tarehe 10 mwezi wa tatu, 2003

Jiko letu limeingia shimoni. Jiko zima! Kuta tatu, mabati mawili, na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokuwa imeiva. Kishindo kilipolia nilidhani ni bomu, nikaingia chini ya kitanda. Mama Délice akaja kuniambia nitoke, bomu halinuki sombe.

Mwenye makosa ni mvua. Mke wangu anasema mwenye makosa ni mimi. Shimo nililichimba mimi, sikatai. Matofali ya nyumba hii yalitoka humo, na ya nyumba nyingine nyingi hapa Mulongwe. Lakini nani hakuchimba? Mtaa mzima ni hivyo: nyumba mbele, shimo nyuma. Vita vilipokuja tukaacha kupiga matofali, mashimo yakabaki. Maji yanakaa ndani, mbu wanazaa, na kila mvua ikinyesha kingo zinamegeka. Sasa shimo langu limekula jiko, limefika kwenye ukuta wa chumba cha binti yetu Délice. Ukuta una ufa. Mkono unaingia.

Mama Délice amemhamishia mtoto chumbani kwetu. Kitanda kimoja, watu watatu, na Délice analala amejitandaza kama msalaba. Mke wangu akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamjibu kwamba mimi ni fundi matofali, kujenga ukuta si taabu kwangu. Hakucheka. Akabeba unga na samaki wadogo wa ndagala, akaenda kupika kwa jirani.

Kwa Mathieu! Kati ya majirani wote wa dunia hii, kwa Mathieu!

Jumanne, tarehe 11

Asubuhi filimbi ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Mkutano chapelini, habari ya mashimo. Sikutaka kwenda. Nikamwona Mathieu anapiga mswaki mapema, nikajua kuna kitu. Nikaenda.

Mathieu ni fundi baiskeli siku hizi. Shimo lake liko chini ya langu kidogo, tumetenganishwa na miti michache ya muhogo. Zamani naye alikuwa akipiga matofali. Matofali yake yalivunjika mtu akikohoa tu.

Kumbe kuna proje, mradi wa kusaidia mtaa. Imemtuma Mademoiselle Victoire, kutoka Bukavu, sauti ya upole na viatu vimejaa matope. Anasema hakuja na plani. Plani tutaitengeneza sisi wenyewe, wanaume kwa wanawake, kwa sababu mashimo ni yetu na tunayajua kuliko yeye. Nilimhurumia. Kutoka Bukavu mpaka hapa, bariera zote zile za askari, bila plani!

Halafu akasema jambo. Proje ina nguvu ya kufanya mawili tu kabla ya mvua kubwa za mwezi wa nne. Shimo moja litazibwa, wote pamoja, toroli na chakula cha wafanyakazi juu ya proje. Shimo lingine litakuwa bwawa, kama lipo ambalo maji yake yanaweka samaki hai. Tutachagua sisi. Mwenye bwawa ataitwa mlinzi, atapewa wavu, buti za mpira, na shati lenye maandishi mgongoni.

Buti! Na maandishi mgongoni! Nikamwona Mathieu anatazama miguu yake.

Mama Délice akaninong'oneza niinue mkono. Niseme tu nyumba yetu inaanguka, waje waone ufa, shimo letu lizibwe. Nikamwambia mwanaume haendi mkutanoni kulia. Tena anayelia anapewa udongo, anayetumia akili anapewa samaki. Samaki wakikua tutauza, tutajenga nyumba nyingine mbali na shimo. Akaniuliza ukuta utangoja mpaka samaki wakue? Wanawake wanapenda kuharakisha mambo.

Jumatano, tarehe 12

Leo tumefinyanga. Watu wenye ndevu na wajukuu, chini kwenye sakafu ya chapeli, tunafinyanga udongo! Mademoiselle anaita maketi, mfano wa mtaa wetu. Kila jamaa inatengeneza nyumba yake na shimo lake, halafu inaonyesha inataka pale pawe nini. Tukikosea tunabomoa, tunaanza tena. Mawazo yote ni mazuri, anasema. Amesema hivyo hata kwa Mathieu.

Udongo ndiyo kazi yangu. Nimetengeneza nyumba ya orofa, bwawa, samaki, buveti ya kuuzia vinywaji yenye viti, na muntu mmoja amesimama na buti. Nyumba ikapita chapeli ya udongo kwa urefu. Shefu akaniomba niipunguze kwa heshima ya Mungu. Nikaiongezea chapeli mnara, tukapatana.

Mathieu anataka shimo lake lizibwe apate pa kufunga mbuzi. Mbuzi wake wa udongo walikuwa kama viazi, na nilimwambia. Akajibu kwamba samaki wangu ni kama viatu. Wivu huo.

Mama Generose, mjane wa ng'ambo ya njia, hakufinyanga chochote. Akasema yeye hataki mashimo yote yaishe. Mwezi wa kumi, siku za risasi, tulilala ndani ya mashimo haya na watoto wetu, na ndiyo sababu leo tuko hapa tunacheza na udongo. Watu wakaacha udongo. Hata mimi niliuacha. Délice alikuwa begani kwangu siku ile, nakumbuka alivyoniuma sikio kwa woga. Mademoiselle akauliza basi tufanyeje. Watu wakabishana, wakajenga, wakabomoa. Mwisho wakakubaliana kwamba shimo litakalozibwa lijengewe pembeni ukuta mfupi wa mawe, wa kujificha nyuma yake. Wazo zuri sana. Nilikuwa karibu kulisema.

Kabla ya kuondoka nikakagua kazi yangu. Kuna mtu ameipasua nyumba yangu ya orofa kwa ukucha, toka juu mpaka chini! Namshuku Mathieu.

Alhamisi, tarehe 13

Tatizo dogo: shimo langu halina samaki. Lina vyura.

Nimeondoka alfajiri kwenda uwandani, kwa Révérien, mkulima wa mpunga. Yeye hukamata kambale kwenye mifereji ya mashamba. Tumebadilishana. Yeye kachukua redio yangu, mimi nimechukua bido, dumu lililokatwa juu, lenye maji na kambale hai, wanene, wenye masharubu kama shefu. Révérien akanishauri nizungushie shimo uzio wa matete uliobanana, hasa siku za mvua, mpaka wazoee. Akasema anayo matete tayari, ameyakata jana.

Nikacheka moyoni. Mfanyabiashara huyo! Anakupa samaki kwa redio, halafu anataka kukuuzia na majani kwa koti. Nikamwambia asante sana, kaka, samaki wangu hawana mahali pa kwenda.

Kwenye bariera askari akatazama bido. Akauliza: "Weye, humu iko nini?" Nikasema maji ya baraka, ya mgonjwa. Maji ya baraka yakapiga mkia. Askari akaingiza mkono, akatoa wanne wakubwa zaidi, akaniambia nimsalimie mgonjwa. Wamebaki wanane. Wembamba kidogo, lakini wachangamfu. Mmoja ana sharubu moja tu upande wa kushoto, nimempenda.

Nimewamimina shimoni Mama Délice akiwa kwa Mathieu, anapika. Aliporudi akauliza redio iko wapi. Nimesema iko kwa fundi.

Jumamosi, tarehe 15

Ilikuwa leo watu wazunguke mashimo wachague. Haikuwa. Toka saa sita risasi zinalia milimani. Mbali, halafu si mbali sana.

Watu wakakimbia kama mwezi wa kumi. Shimo la kwanza mbioni ni langu, pana, lina ngazi niliyochonga zamani. Nikawaona wanakuja: Mama Generose mbele, nyuma yake mama wawili na watoto wao, hata Mathieu na mke wake. Sijui nilipatwa na nini. Nikasimama kwenye ukingo, mikono wazi, nikawaambia waingie polepole, wasiwatishe samaki.

Samaki? Risasi zinalia, na watu wazima wanasimama kuuliza samaki gani!

Mama Generose akanisukuma, akaingia. Maji yakamfika magotini. Akapiga kelele kwamba kitu kimemuuma dole gumba. Basi siri ikatoka. Nikasema samaki wamekuwemo siku zote, ila mimi si mtu wa kujisifu. Mama Délice alikuwa amemkumbatia Délice ndani ya maji, akanitazama.  Afadhali angenitukana.

Saa tisa pakatulia. Hakuna aliyeumia kwetu, Mungu ashukuriwe.  Samaki hawajambo.

Jumapili, tarehe 16

Habari imeenea misa nzima: Baba Délice ana samaki. Mademoiselle amenipa mkono, amesema Jumatano tutaona. Mathieu pia amenipa mkono. Anaficha maumivu.

Shida ni habari za vita. Kila mtu yuko na sikio kwenye redio, sisi hatuna. Nimesimama nje ya dirisha la Mathieu kusikiliza, kimya, kichwa tu. Akaniona. Akanikaribisha ndani, akanipa kiti, akaongeza sauti, mke wake akaniletea chai. Mtu huyo anajua kumdhalilisha mwenzake!

Mama Délice ameuliza tena kuhusu fundi. Ni fundi gani huyu, anakaa wapi. Nimesema uwandani. Angalau hilo ni kweli.

Jumanne, tarehe 18

Mvua toka alfajiri. Ukuta wa chumba cha Délice umetoa matofali, moja moja, yanaanguka majini, chubwi. Matofali yangu mwenyewe, niliyoyachoma kwa mkono wangu, yanarudi shimoni kama watoto watukutu.

Mama Délice analia. Si kwa sauti. Anapanga nguo za mtoto kwenye beseni, anazitoa, anazipanga tena, hajui tukimbie leo au tungoje kesho. Tukimbilie kwa nani? Ndugu zake wenyewe wamekimbilia kwa watu. Sikupenda kuona vile. Moyo uliniuma, naandika kwa sababu hakuna anayesoma. Nikataka nimwambie habari yote ya kambale na buti, afurahi. Halafu nikaona heri ningoje kesho, afurahi mara moja kwa yote.

Giza limeingia na mvua haijaacha. Nzuri kwa samaki.

Jumatano, tarehe 19

Leo nimeonewa. Naandika yote, ili siku moja ukweli ujulikane.

Nilivaa koti. Nilipaka viatu mawese. Wakaja wote: shefu, Mademoiselle, watu wa kila nyumba, kila mmoja ana jiwe lake la kuchagua. Jiwe unaliweka kwenye ukingo wa shimo unalotaka lizibwe. Lakini kwanza bwawa, kwanza samaki. Nikatoa hotuba fupi kuhusu maji na uvumilivu. Nikatupa chandarua.

Matope. Nikatupa tena. Chura. Nikatupa kwa nguvu, nikavuta kitu kizito, watu wakasogea. Sufuria ya sombe, na kifuniko chake! Mama Délice akaja akaichukua, akaikagua, akafurahi. Alikuwa peke yake.

Nikatupa tena na tena. Koti likalowa mpaka kwapani. Mademoiselle akasema kwa upole kwamba labda wamelala.

Hapo ndipo mke wa Mathieu akapiga yowe kule kwao. Alikwenda kuchota maji ya kuoshea tope, ndoo ikapigwa mkia. Wote wakakimbia. Nikakimbia pia. Ndani ya shimo la Mathieu, mtu mvivu, mtu wa mbuzi, kambale wanane wanaogelea kama wako kwao! Na yule wa sharubu moja kati yao. Nilimjua kwa sura.

Nikasema mbele ya shefu na mbele ya watu wote kwamba Mathieu ni mwizi. Mathieu akashika kifua. "Minye siko mwizi, Baba Délice. Usiku kucha nilikuwa nashika paa langu lisiruke."

Mama Generose alicheka mpaka akakaa chini matopeni. Kwao ni Mutarule, uwandani. Akauliza kama hapa mjini hatujui kwamba kambale anatembea. Mvua ikinyesha anatoka majini, anatambaa kwa kifua kwenye tope mpaka apate maji mengine ya chini. Kwao, asubuhi ya mvua, wanawaokota njiani na vikapu. Watu wakageuka kutazama. Toka shimo langu mpaka la Mathieu, katikati ya mihogo, kulikuwa na mistari kwenye tope, kama mtu amekokota kamba. Shefu mwenyewe aliifuata kwa fimbo.

Basi watu wa mjini na wa uwandani wakacheka pamoja, jambo ambalo sijaliona toka vita vianze. Halafu Mama Generose akauliza: kambale huyu ni wa mifereji ya mpunga, amefikaje Mulongwe? Sikusema uongo. Nilikohoa.

Mama Délice akasema sasa amemjua fundi wa redio.

Nikadhani yamekwisha. Hayakwisha. Akaomba neno. Nikasema mambo ya nyumba yetu yanajulikana, tusiwachoshe wageni. Mademoiselle akanijibu kwamba mawazo yote ni mazuri, na sasa ni zamu ya mama. Mke wangu akawaongoza mpaka nyuma ya nyumba, akasimama pembeni kabisa ya shimo, akaingiza mkono kwenye ufa mpaka kiwiko. Akaita Délice. Mtoto alikuwa chumbani. Kidogo tukaona vidole vya Délice vinatokea penye tundu la tofali lililoanguka, vinatupungia.

Hakuna aliyecheka tena.

Mama Délice akasema siku za risasi tulikwenda kulala ndani ya shimo hili na tulishukuru. Sasa shimo linakuja kulala ndani ya nyumba yetu. Akasema ni yeye aliyepasua nyumba ya udongo kwa ukucha, kwa sababu maketi lazima iseme kweli. Akasema hataki samaki, hataki orofa, anataka mtoto alale upande wake wa ukuta. Akaweka jiwe lake.

Niliona aibu.  Kama mtu mmoja angenishika bega saa ile ningesema yote. Hakuna aliyenishika. Ikapita.

Wakaweka mawe. Wote kwenye shimo letu. Mimi nililiweka langu kwa Mathieu, ili samaki wale wazikwe na iwe haki. Lilikuwa jiwe moja tu kule, kila mtu akaliona. Na Mathieu! Mathieu aliyefinyanga mbuzi, aliyetaka lake lizibwe, alipita mbele yangu bila kunitazama akaweka lake kwetu. Jiwe kubwa. Hilo sitamsamehe.

Bwawa wamempa yeye. Hakuliomba! Watu waliona samaki hai, wakasema maji yake ni mazuri. Buti zimemkaa barabara.

Alhamisi, tarehe 20

Sikutoka. Mama Délice ametengeneza sombe kwenye sufuria ile ile. Tamu. Nimekula kwa hasira.

Mathieu amepita dirishani mara nyingi, mgongo umeelekea kwangu makusudi, ili nisome. MLINZI WA BWAWA. Jua kali, njia kavu, na buti miguuni!

Jumamosi, tarehe 22

Salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Shefu amepiga filimbi, mtaa mzima nje. Kwanza tukakaa kwenye maketi kuamua tutajaza nini. Akina mama wakasema mawe na mchanga vilivyoachwa na mto Mulongwe ulipofurika. Vimejaa kandokando pale, vimeziba njia zao za maji, hakuna anayevitaka. Chini mawe, juu mchanga, juu kabisa udongo wa kushindilia, na ukuta mfupi pembeni, wa siku mbaya. Mademoiselle aliandika tu. Naanza kuelewa kazi yake. Kazi nyepesi.

Halafu hesabu ya mabeseni. Kila nyumba kumi ya udongo wa juu, nyumba yetu ishirini. Nikasimama. Nikasema shimo ni la wote, maana wote walijificha humo. Mama Generose akajibu ndiyo, kumi ni ya kujificha. Hayo mengine kumi ni ya matofali uliyouza. Shefu akasema shauri limekatwa.

Mathieu anasukuma toroli tangu asubuhi na buti zake. Anawapa watu maji. Ameniuliza kama mgongo wangu unaniuma. Nimemwambia mgongo wangu haumhusu.

Jumatatu, tarehe 31

Limezibwa! Nasema ukweli: ni kazi nzuri. Sikuamini. Mawe yamekaa, udongo umeshindiliwa, ukuta mfupi umesimama. Mvua ya juzi ilinyesha na ufa haukuongezeka hata unyoya. Mathieu na mimi tumeurudishia ukuta wa chumba matofali yake. Yeye alishika, mimi nilijenga. Délice amelala chumbani kwake. Kitanda chetu kimekuwa kikubwa kama ziwa. Mama Délice aliimba akipika, nikamsikia, nikafurahi, nikamwambia unaona, nilisema nitakujengea ukuta. Akanipiga na kitambaa cha sufuria, lakini kwa upendo.

Sasa habari ya mabeseni yangu ishirini. Wenzangu wote walikwenda kuchukua udongo mlimani, mbali, kupanda na kushuka. Mimi nina akili. Kwa nini nibebe udongo toka mlimani na mimi nimesimama juu ya udongo? Nikachimba mbele ya nyumba, pembeni ya mlango, nyuma ya muwa, mahali pa siri. Mabeseni ya kwanza nikayapeleka, watu wakasema Baba Délice ni mwepesi leo.

Beseni la tano nikashika tonge mkononi. Nikasimama. Mwekundu, unanata, hauna jiwe hata moja! Miaka yote nimeishi juu ya udongo kama huu, nimekwenda kuchimba kule nyuma kwenye changarawe! Udongo huo kuutupa shimoni ni dhambi. Nimechanganya na maji, nimetafuta kibao changu cha zamani, kumbe mikono haisahau. Matofali ya kwanza yanakauka nyuma ya nyumba, pale pale palipozibwa. Pametulia vizuri, sawasawa kama meza. Vita vikiisha watu watajenga, na nani atakuwa na matofali tayari? Si mlinzi wa bwawa.

Mabeseni yaliyobaki nitatafuta. Mathieu ana mchanga mwingi pembeni mwa bwawa, hahesabu.

Shimo la mbele nimelifunika kwa mabati mawili. Si kubwa. Linamfika mtu kifuani, nikisimama wima.

Jioni hii Mama Délice ameuliza kwa nini mlango wa mbele haufungi tena, lazima ausukume kwa bega. Nimemwambia ni mbao. Mvua ikinyesha sana, mbao zinavimba.